Chai ya Darjeeling ya mchumo wa kwanza: rangi hafifu na majani yenye kijani, je, ndivyo inavyotakiwa?

Mkaazi wa Upanga (Dar es Salaam):

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Shemeji yangu amerudi kutoka India alikompeleka mama yake kwa matibabu, na ameniletea pakiti ya gramu 100 ya chai ya Darjeeling. Imeandikwa kwamba ni chai nyeusi ya majani mazima, ya kilimo hai, na ya mchumo wa kwanza wa mwaka huu. Nyumbani kwetu tumezoea chai ya Mufindi na ya Usambara, ile ya punje ndogondogo ambayo ukiitia tu kwenye maji yanayochemka rangi inatoka palepale, kwa hiyo hii imetuacha na maswali mengi.

Majani yenyewe ni marefu, yamesokotwa, na ni mepesi sana mkononi. Mengine ni ya kahawia, mengine yana kijani kabisa, na katikati yake kuna vichipukizi vyenye manyoya meupe. Tuliitia kwenye buli, tukamimina maji ya moto, tukafunika kwa dakika tatu kama pakiti inavyoelekeza. Kilichotoka kina rangi ya dhahabu iliyopauka, ingawa harufu yake ni nzuri mno, ya maua na ya kitu kinachokaribia tunda lisiloiva. Baba mkwe alipoiona akasema bado haijaiva, akaomba iachwe hadi ikolee. Baada ya dakika kumi rangi ilikuwa imeongezeka kidogo tu, lakini ulimi ulishikwa na ukakasi kiasi cha kututaka tuweke sukari nyingi.

Naomba wenye ujuzi mnieleze: je, hii ni chai nyeusi kweli au tumeuziwa kitu kingine? Inapikwaje ili ule ukakasi usitawale? Na anayeonja chai ya namna hii anatafuta nini hasa kinywani?

Mwonjaji wa Limuru:

Ndugu wa Upanga, kwa namna ulivyoyaeleza majani yako, sioni sababu ya kuitilia shaka chai hiyo. Nimefanya kazi ya kuonja chai viwandani kwa muda mrefu, na swali lako ndilo wanalouliza karibu wote wanaokutana na Darjeeling ya mchumo wa kwanza wakitoka kwenye chai yetu ya Afrika Mashariki. Jibu liko katika jinsi jani linavyotendewa baada ya kuchumwa.

Chai yetu iliyo nyingi hutengenezwa kwa mashine zenye rola za meno zinazolikata, kulichana na kulikunja jani mpaka likawa punje. Kila sehemu ya jani hupasuka, utomvu wake hukutana na hewa, na kwa muda mfupi tu linageuka rangi lote. Ndiyo maana punje zile hutoa rangi upesi na kwa nguvu. Darjeeling husokotwa likiwa zima, na katika mchumo wa kwanza kuna jambo la ziada: jani hunyaushwa kwa saa nyingi juu ya matandiko yanayopulizwa hewa, hadi linapoteza sehemu kubwa ya maji yake, mara nyingi kama theluthi mbili. Vimeng'enya vinavyoligeuza jani kuwa la kahawia vinahitaji unyevu ili vifanye kazi, kwa hiyo jani lililonyauka kiasi hicho hugeuka kwa sehemu na sehemu nyingine hubaki kijani. Kisha hukaushwa kwa joto na kazi ile husimama. Kwa biashara bado huhesabiwa kuwa chai nyeusi, lakini ni nyeusi iliyosimamishwa njiani kwa makusudi, kwa sababu harufu ile ya maua uliyoisikia ingepotea kama wangeendelea.

Kuna na suala la majira. Huku kwetu karibu na ikweta tunachuma mwaka mzima, kila baada ya wiki moja au mbili. Kwenye miteremko ya Himalaya mchai hulala wakati wa baridi, takriban kuanzia Desemba hadi Februari, na machipukizi ya kwanza hutoka Machi na Aprili. Hayo ndiyo unayokunywa. Mchumo wa pili huja Mei na Juni, ukiwa na rangi ya shaba na ladha inayofanana na zabibu zilizoiva sana; baada yake huja wa mvua za masika ya kule, ambao ni wa kawaida zaidi, na mwishoni wa Oktoba na Novemba, wenye ladha ya utulivu. Baba mkwe wako, kwa anavyopenda chai iliyokolea, nadhani angefurahia zaidi mchumo wa pili.

Mbegu nazo si zilezile. Daktari Archibald Campbell alipopanda michai ya majaribio pale Darjeeling mwaka 1841, asili yake ilikuwa China, ya jani dogo linalostahimili baridi. Michai mingi ya Kenya na Tanzania ni ya ukoo wa Assam, wenye jani pana na nguvu nyingi ya rangi. Kwa hiyo rangi ni kipimo kizuri cha chai yetu na ni kipimo kibaya cha chai yako. Ipime kwa saa na kwa pua.

Jambo moja la kufanya leo: baada ya kumimina chai, yamwage makapi kwenye sahani nyeupe uyatazame. Yakifunguka ukaona majani mawili na kichipukizi yakiwa yameshikana kwenye kikonyo kimoja, yenye mabaka ya kijani na ya shaba, utakuwa umeuona ushahidi wa haya niliyoyaandika kwa macho yako.

Binti Usambara:

Naomba niongeze upande wa jikoni, maana hapo ndipo pakiti nyingi nzuri huharibikia.

Kwanza ni kipimo. Majani mazima ni mepesi na yanajaza nafasi, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai hiyo hakilingani kabisa na kijiko cha punje mlizozoea. Kama una mizani ndogo ya jikoni, weka gramu mbili na nusu kwa kikombe cha mililita 200. Kama huna, vijiko viwili vya chai vilivyojaa bila kushindiliwa vitakukaribisha kwenye kiasi hicho. Ukiweka majani machache halafu ukayaacha muda mrefu ili kufidia, unapata ukakasi bila harufu, na hiyo ndiyo hali mliyoionja baada ya dakika kumi.

Pili ni joto la maji, na hapa jiografia ina nafasi yake. Kiwango cha kuchemka cha maji hupungua nyuzi moja hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Ndugu yetu aliyeko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yake yakichemka yako kwenye nyuzi 93 hivi, na hilo ni joto linaloifaa sana chai ya mchumo wa kwanza. Mji wa Darjeeling wenyewe uko karibu kimo hichohicho. Wewe uko Upanga, pembeni mwa bahari, maji yako yanachemka kwa nyuzi 100. Yakichemka, epua birika, fungua mfuniko, subiri dakika mbili au tatu, ndipo umimine. Chai ya mchumo wa pili haihitaji kusubiriwa namna hiyo.

Tatu ni maji yenyewe, na hili nalisisitiza kuliko yote kwa mtu wa Dar es Salaam. Maji ya kisima katika mitaa mingi yana chumvichumvi na chokaa. Chokaa ikikutana na chai hutengeneza ule utando unaoelea juu na kushika kwenye ukingo wa kikombe, rangi inafifia na kuwa ya matope, na harufu nyepesi kama ya Darjeeling inazimwa kabisa. Chai yetu ya punje ikitiwa maziwa inavumilia maji hayo, hii haivumilii. Tumia maji ya chupa yenye madini kidogo, au maji safi ya mvua yaliyochemshwa na kuchujwa. Fanya vikombe viwili kwa wakati mmoja, kimoja kwa maji ya kisima na kingine kwa maji ya chupa, uvitazame kwenye mwanga wa dirisha. Utaona tofauti kabla hujaonja.

Suuza buli kwa maji ya moto, tia majani, mimina maji, funika, hesabu dakika tatu, kisha chuja chai yote hadi tone la mwisho. Usiyaache majani yakiendelea kuloa chini ya buli wakati mnakunywa kikombe cha kwanza. Majani hayohayo yanafaa kumiminiwa maji mara ya pili kwa dakika nne, na wapo wanaokipenda kikombe hicho cha pili kuliko cha kwanza. Usiichemshe kwenye sufuria.

Mkaazi wa Upanga:

Nawashukuru sana. Nimeyatazama makapi kwenye sahani na kweli nimeona majani mawili na kichipukizi, na nimetumia maji ya chupa; ukakasi umepungua mno. Limebaki swali la kuonja. Pia mke wangu anauliza kama inaweza kutiwa maziwa au iliki, na kama huo ukilimo hai unaongeza chochote kwenye ladha, maana shemeji anasema bei yake ilikuwa ya kutisha.

Mwonjaji wa Limuru:

Kazini tunaonja kwa utaratibu mkali kuliko unaohitajika nyumbani. Kipimo cha kimataifa ni gramu mbili kwa kila mililita 100, maji yanayochemka, dakika sita, bila kujali aina ya chai. Lengo lake ni kuzianika kasoro na kuzilinganisha chai zote kwa haki, kwa hiyo usikifuate kwa starehe yako.

Nyumbani anza na majani makavu: yapashe kwenye buli lililosuuzwa kwa maji ya moto, lifunike kidogo, kisha ufungue na kunusa. Baada ya kuchuja, nusa majani yaliyoloa, kwa sababu hapo harufu iko wazi kuliko mahali pengine popote. Katika mchumo wa kwanza nategemea maua meupe, majani mabichi yaliyokatwa, wakati mwingine kitu cha limau au cha embe changa. Kisha acha kikombe kipoe hadi kiwe vuguvugu. Chai ya moto sana inaunguza ulimi na kuficha mambo. Fyonza kwa nguvu pamoja na hewa, kwa sauti, ili iingie hadi nyuma ya pua; huo si utovu wa adabu, ndivyo sote tunavyofanya mezani. Angalia ukakasi unakaa wapi: ukikauka kwenye ufizi na kuondoka, ukaacha utamu mdogo kooni, chai ni nzuri. Ukibaki na kukwaruza, ama muda ulizidi ama jani lilikuwa gumu. Kikombe cha kwanza kinywe bila sukari.

Mzee wa Kibokoni (Mombasa):

Wanangu, salamu. Mimi ni mtu wa chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi tangu utotoni, na nasema kwa uhakika kwamba hiyo Darjeeling msiitie maziwa. Protini za maziwa hushikana na vile vitu vinavyoleta ukakasi, na ndivyo chai yetu kali inavyolainika ikawa tamu. Chai hiyo haina ukali wa kulainishwa. Mkitia maziwa mtabaki na maji meupe yenye harufu ya mbali. Iliki nayo itayafunika yale maua mliyoyalipia. Wekeni punje za Kenya au Tanzania kwa ajili ya asubuhi na maandazi, na hiyo iwe ya alasiri, peke yake, au pamoja na kitu kisicho na viungo vingi.

Binti Usambara:

Shikamoo mzee, nakubaliana nawe kabisa.

Kuhusu kilimo hai, cheti hakitengenezi ladha. Kinathibitisha namna shamba linavyotunzwa: bila mbolea za viwandani, bila dawa za kuua wadudu za kemikali, na kwa mazao ya kudumu kama chai shamba hupitia kipindi cha mpito cha miaka mitatu kabla ya kukubaliwa. Katika miaka hiyo mavuno hushuka wakati chai bado inauzwa kama ya kawaida, na gharama hiyo huingia kwenye bei. Kule Himalaya wamelichukua jambo hili kwa uzito. Jimbo la Sikkim, linalopakana na Darjeeling, lilitangazwa mwaka 2016 kuwa la kilimo hai lote.

Pamoja na hayo kuna mahali ambapo utunzaji huo unagusa ladha moja kwa moja. Ile ladha ya zabibu ya mchumo wa pili huchangiwa na vijidudu vidogo vya kijani vinavyofyonza utomvu wa machipukizi. Mchai hujihami kwa kutengeneza viini vya harufu, na viini hivyo ndivyo vinavyofika kikombeni. Shamba linalopuliziwa dawa kila mara linawafukuza wadudu hao. Katika mchumo wa kwanza, ulio nao wewe, athari hiyo ni ndogo, kwa hiyo nisingekuambia kwamba harufu unayoisikia inatokana na cheti. Inatokana na kimo, na usingizi wa baridi, na mikono ya wachumaji kwenye miteremko ambako mashine haiwezi kupita.

Bei inatokana pia na uchache. Eneo lote la Darjeeling hutoa chini ya kilo milioni 10 kwa mwaka, wakati Kenya peke yake inavuka kilo milioni 500. Jina Darjeeling linalindwa kisheria India tangu mwaka 2004 na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2011, kwa hiyo tazama kwenye pakiti kama ipo nembo ya mwanamke aliyeshika majani mawili na kichipukizi. Ikiwa haipo, inaweza kuwa ni chai ya Ilam, ng'ambo ya mpaka wa Nepal, ambayo kwa kweli nayo ni nzuri sana na aghalabu ni nafuu zaidi.

Kwa hewa ya Dar es Salaam, ihamishie leo kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, mbali na viungo na mbali na jiko. Usiiweke kwenye friji pamoja na samaki. Harufu ya mchumo wa kwanza hupungua mwezi hadi mwezi, hivyo inyweni ndani ya mwaka huu.