Mpwa wangu kapata ufadhili chuo cha huku huku, yeye anataka Mlimani kwa mkopo. Aukatae?

Mjomba wa Tandahimba
Wakuu, habari za jioni. Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, kamaliza kidato cha sita tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), Wani ya 6, yaani daraja la kwanza. Kuna wafadhili, watu wa dini, siwataji, wamemwandikia barua: watamlipia ada, hosteli na kula kwenye chuo kimoja cha huku huku mkoani Mtwara asomee ualimu wa sayansi. Upande wa pili kachaguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jiolojia ya mafuta na gesi. Huko ni kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na majina ya mkopo bado hayajatoka. Kwa kuwa kapata vyuo viwili, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanamtaka athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, mwisho Jumapili. Simu aliyojazia ni ya mama yake.

Dada anasema ufadhili haukataliwi. Binti anasema Mlimani. Mimi ndiye mjomba, wote wananitazama mimi, na sina jibu. Shambani mwaka huu salfa, dawa ya mikorosho, tumepulizia kwa kuungaunga. Aukatae?

Mwana Mikindani
Aukatae ili iweje? Kuna wazazi wanauza shamba wapate hicho mnachotaka kukitupa. Apokee, mengine atayajua mbele ya safari.

Mlimani Damu
Mtoa mada, usimuue mtoto. Chuo ni Mlimani, vingine huko mikoani ni sekondari zilizoongezewa ghorofa. Mkopo si dhambi, wengi wetu tumesoma kwa bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, na leo tunakula vizuri. Ila tatizo lenu watu wa Kusini linajulikana. Korosho ikipanda bei mnamnywesha mbuzi bia, ikifika ada ya mtoto mnatafuta wafadhili.

Karani Mstaafu
Kabla hamjashikana mashati. Ndugu mjomba, barua ya ufadhili husomwa kuanzia chini. Wameahidi mpaka amalize, au wanatoa mwaka kwa mwaka? Akipata sapu mbili, mitihani ya kurudia, inakuwaje? Akihitimu anafungwa kufundisha wapi, miaka mingapi? Na ufadhili ukikatika yuko mwaka wa pili, ataishi kwa nini? Bodi hupokea maombi ya wanaoendelea na masomo, lakini si jambo la kulitegemea. Nimekaa dirisha la usajili miaka mingi, vijana waliolia mbele yangu mwaka wa pili ni wengi kuliko wa mwaka wa kwanza. Tuwekee hapa barua inasemaje.

Bi Salfa
Mlimani Damu, huyo mbuzi mimi nimezaliwa namsikia. Mara alinyweshwa Newala, mara Masasi, mara Ruangwa. Mara ilikuwa bia, mara soda, mwaka jana nikasikia aliogeshwa. Mbuzi mmoja, miaka thelathini, hachinjwi, hazeeki. Wewe ulimuona? Taja kijiji.

Mama yangu kanisomesha kwa mikorosho hamsini na tatu. Naijua idadi kwa sababu nimeipalilia yote. Hakuna mbuzi aliyekunywa hata maji yetu, maana maji yenyewe Tandahimba tulikuwa tunanunua kwa ndoo.

Mlimani Damu
Dada, utani huo, umepaniki.

Bi Salfa
Utani una watani wake. Wewe ni mtani wangu kwa upande gani?

Mmwera wa Nachi
Wamezoea hao. Nchi nzima ikimuona kijana na mitumba begani inamwita machinga, na hakuna anayejiuliza Wamachinga ni watu gani. Ni watu wa Lindi, wana kwao, wana bibi zao. Sasa tena na mbuzi.

Mwana Mikindani
Ila tusidanganyane, pesa ya msimu ina wazimu wake. Mwaka ule bei ilipogonga elfu nne na kitu, jirani yangu kanunua pikipiki mbili siku moja na hajui kuendesha. Msimu uliofuata mnada ukagomewa, pikipiki moja kaiuza kwa bei ya baiskeli.

Mmwera wa Nachi
Msimu uliofuata ndio ule wa jeshi kuja kuzoa korosho. Magufuli alipotangaza elfu tatu kilo.

Bi Salfa
3,300. Novemba 2018. Tuliodai malipo hatuwezi kusahau hiyo mia tatu.

Gesi Haikutoka
Naona mmehamia mnadani. Naomba niseme la jiolojia, kwa sababu ndiyo yangu.

Nilianza chuo wakati wa zile habari za gesi. Mtwara kila kiwanja kina bei mpya, kila mwenye chumba anajenga nyumba ya wageni. Tukaambiwa someni mafuta na gesi, mtakimbiliwa. Tukasoma. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa Madimba, inaingia kwenye bomba, inakwenda Dar. Mtambo ule unataka watu wachache tu, si darasa zima. Ule mradi mkubwa wa Likong'o, Lindi, wa kugeuza gesi iwe kimiminika, nilikuwa nauandikia insha nikiwa mwanafunzi. Mpaka leo nausikia kwenye taarifa ya habari.

Sasa hivi niko Mkanaledi stendi, nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Wateja wananiita Injinia. Sijawahi kuwa injinia, mimi mjiolojia, lakini nimechoka kusahihisha. Mpwa wako asichague kozi kwa sababu gesi iko chini ya kitanda chake.

Mwana Mikindani
Na hilo bomba ndilo lililoleta moto 2013, watu wakapoteza maisha, halafu likazinduliwa mwaka huo huo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Gesi Haikutoka
2013 ni vurugu. Uzinduzi ni 2015, mwisho wa Kikwete. Ila uchungu ni ule ule.

Mlimani Damu
Kwa hiyo Injinia, kushindwa kwako wewe ndiko unataka kumrithisha mtoto wa watu? Niliosoma nao wako migodini Geita na Kahama. Mjiolojia haangalii gesi tu. Kuna maji, kuna madini, kuna barabara. Ruangwa kwenu huko kuna grafaiti, atakosaje pa kwenda?

Gesi Haikutoka
Hapo umesema jambo la maana kwa mara ya kwanza tangu uzi uanze. Lile la kushindwa nimeliweka mfukoni, siku ukishuka stendi unikumbushe.

Mwalimu wa Chaki
Mnaongea kana kwamba ualimu ni ajira ya moja kwa moja. Enzi hizo zimepita. Siku hizi walimu tunaitwa kwenye usaili kama watu wengine, mnajazana ukumbini na bahasha zenu. Mwalimu wa Fizikia na Hisabati ana nafasi nzuri kuliko sisi wa Historia, nakubali. Lakini asiyeutaka ualimu akipelekwa ualimu, anayelipa ni mtoto wa mwenzako aliye kidato cha pili. Nimefanya kazi na mwalimu wa namna hiyo. Alikuwa anaandika ubaoni tangu saa mbili mpaka kengele, hageuki. Tulimjua kwa mgongo.

Mwana Mikindani
Hoja ya pesa mmeikimbia. Mkopo wa Bodi wanakukata mpaka uzeeke. Asilimia kumi na tano ya mshahara, juu yake ile sita ya kulinda thamani, deni linazaa.

Karani Mstaafu
Ile sita ilifutwa 2021. Kumi na tano ipo, na ni ya mshahara wa msingi. Mwenye laki saba anakatwa laki moja na elfu tano kila mwezi. Inauma lakini ina mwisho. Narudia: barua inasemaje?

Binti Chuno
Mimi kuna kitu kinanikera tangu juu. "Mimi ndiye mjomba, wote wananitazama mimi." Msichana ana miaka kumi na tisa au ishirini, kapata Wani mwenyewe, halafu kikao kinakaa bila yeye. Mambo haya ya mjomba kuamulia watu ndiyo yanayotumaliza.

Mmwera wa Nachi
Dada, usiguse mila kwa mguu wa viatu. Kwetu mjomba ndiye mzee wa ukoo, mtoto ni wa upande wa mama. Baba anaweza kuondoka kesho, mjomba haondoki. Mimi ada yangu ya sekondari ililipwa na mjomba, baba yangu yupo na ana duka.

Binti Chuno
Kulipa sawa. Huyu mjomba analipa nini? Kasema mwenyewe salfa kaungaunga.

Mmwera wa Nachi
Kwa hiyo asiye na pesa hana sauti? Basi hata bibi yako mnyamazishe.

Binti Chuno
Bibi yangu umemtoa wapi?

Bi Salfa
Mmwera, hapo umeteleza. Ila Binti Chuno na wewe, mtu kaja kuomba ushauri kwa adabu, umemvua nguo. Wajomba wasiouliza wapo tele, huyu kauliza.

Mpita Njia
Kuna njia ya katikati mbona. Aende chuo cha ufadhili, mwaka wa pili ahamie Mlimani. Kuhama kupo.

Karani Mstaafu
Kuhama kupo, lakini kwa dirisha lake na masharti yake, na lazima huko uendako kuwe na nafasi. Halafu ufadhili hauhami naye. Anafika Mlimani na deni la shukrani kwa watu aliowakimbia, na mkopo hana.

Mjomba wa Tandahimba
Wakuu, nilikuwa shamba, simu ilikufa chaji. Nimesoma kurasa zote. Binti Chuno, umenigusa, na sina cha kukujibu.

Mzee Karani, barua nimekwenda kuisoma leo. Dada anaihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na risiti za AMCOS, chama chetu cha ushirika cha korosho, nimepekua risiti za misimu mitatu ndipo nikaipata. Mimi mwanzo nilisomewa tu kwenye simu. Chini kabisa, juu ya mhuri, imeandikwa msaada utapitiwa upya kila mwaka "kulingana na matokeo ya mwanafunzi na upatikanaji wa fedha." Pesa za kujikimu hazimo, ni ada na hosteli. Kula ni maneno ya padri, kwenye karatasi hakupo. Halafu miaka mitano ya kufundisha katika shule watakayompangia wao.

Nikamwita binti. Nikamuuliza wewe mwenyewe ulishaisoma hii? Akasema ameisoma siku ile ile, akamweleza mama yake, mama akamwambia usitafute visingizio. Kachukua kalamu, kanipigia hesabu nyuma ya ile bahasha: Bodi wakimpa, siku ni elfu kumi ya kula na kulala, wasipompa, ataomba kuahirisha mwaka, abangue korosho kwa mtu, aombe tena mwakani. Nilitegemea aseme gesi. Hajaitaja hata mara moja. Anasema anataka kujua maji ya uwanda wetu wa Makonde yako umbali gani chini.

Gesi Haikutoka
Mwambie apite kibandani kwangu akiwa njiani. Nina nyundo yangu ya mwamba bado nzima, nilikuwa navunjia nazi.

Mwana Mikindani
Mimi nabaki pale pale. Upatikanaji wa fedha ni maneno ya kawaida, hata serikali huandika hivyo. Mwaka mmoja wa bure mkononi ni bora kuliko majina ambayo hayajatoka.

Karani Mstaafu
Naye hajakosea sana. Lakini ile miaka mitano mlimficha nani?

Mjomba wa Tandahimba
Hakuna aliyefichwa, mzee. Hakuna aliyeuliza.

Tatizo jingine. Namba ya TCU imeingia jana jioni kwenye simu ya dada. Dada kazima simu, kaifungia sandukuni na kanga. Anasema itawashwa Jumatatu.

Karani Mstaafu
Binti aingie kwenye akaunti yake aliyoombea chuo, aombe namba upya. Kuingia anaweza kwa simu yoyote, na aangalie pia barua pepe aliyojazia. Usiku wa leo, mtandao Jumapili huwa mzito.

Binti Chuno
Mjomba, wewe simu yako unayo mkononi. Umempa?

Mpita Njia
Samahani wakuu, nimesoma kutoka mwanzo. Yule mbuzi mwishowe alikuwa wa kijiji gani?

Bi Salfa
Muulize Mlimani Damu, ndiye aliyekunywa naye.