Kaweka kikombe cha chai kwenye kiwanja cha stesheni yangu!!!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Hata nusu saa haijapita tangu atoke hapa kwangu.

Simtaji. Mnamjua. Ni yule yule anayefungua uzi kila Januari kuponda jengo jipya la LEGO, yale matofali ya plastiki ya kuunganisha, halafu ikifika Machi analipiga picha likiwa sebuleni kwake. Yule aliyeuza sinema yake ya LEGO, Palace Cinema, kwa bei ya kutupa, kisha akazunguka miaka miwili analia aipate tena. Huyo.

Kaja kusalimia. Nikampokea vizuri, chai, maandazi, karanga. Akasimama mbele ya mtaa wangu wa majengo ya LEGO. Wengi mmeuona kwenye picha: Detective's Office ya 2015, benki ya 2016 yenye dobi, Corner Garage ya 2019 yenye daktari wa mifugo ghorofani, Bookshop, Jazz Club, mpaka Tudor Corner ya 2025. Zote zimeungana kwa pini, njia ya waenda kwa miguu inanyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Katikati, baina ya ofisi ya mpelelezi na duka la vitabu, kuna bamba moja la kijivu, vinundu 32 kwa 32 (vile vya kushikia matofali), tupu. Hicho ni kiwanja cha stesheni. Mke wangu anajua. Jirani anajua. Binti yangu wa miaka sita anakipangusa vumbi kwa brashi ya poda na hajawahi kusimamisha hata kidoli pale bila kuniomba ruhusa.

Yeye kaweka kikombe. Cha moto. Kimejaa.

Nikamwambia, kaka, hapo ni stesheni. Akanijibu, nawaandikia neno kwa neno: "Si pako wazi hapa?"

PAKO WAZI!

Tangu Café Corner ya 2007, jengo la kwanza la mfululizo huu, tunajengewa na kusubiri, kusubiri na kujengewa. Tumepata zimamoto, sinema, hoteli, kituo cha polisi, makumbusho yenye mifupa ya dinosaria. Watu wa mtaa ule wanang'olewa meno pale Assembly Square, usiku wanakwenda jazi, lakini hawana pa kupandia treni! Hawana hospitali. Hawana posta ya kutumia barua wala shule ya kupeleka mtoto. Na stesheni inawezekana, nimepima kwa vidole vyangu: reli inakula vinundu 8, mbele unaacha njia ya watu, nafasi inayobaki inatosha ukumbi, dirisha la tiketi na saa kubwa juu. Ghorofani chumba cha bwana stesheni na birika lake. Ningewachorea Billund, makao makuu ya LEGO, bure. Ninachoomba ni Januari moja tu.

Sasa sikieni. Akanyanyua kikombe, akanywa, nikashukuru Mungu. AKAKIRUDISHA PALE PALE. Mara ya pili! Baada ya kuambiwa! Halafu akasema, "Stesheni haiji hiyo, ungeshauza kiwanja." Watoto wanasikia!

Limebaki duara. Duara la chai kwenye kijivu changu, linaonekana kutoka mwezini. Mtu aniambie, hivi huyu binadamu alilelewa na nani?

Shangazi wa Kinondoni: Pole mwanangu. Nimemjua kwenye mstari wa pili. Kwangu alikalia boksi. Boksi la Boutique Hotel, halijafunguliwa!

Dogo Janja: Mkuu punguza povu, plastiki inaoshwa. Sabuni na kitambaa, dakika moja.

Mleta uzi: Siongelei doa! Naongelea KIKOMBE! Aliambiwa akarudisha!

Dogo Janja: Kiwanja kina hati? Kama huna hati mvamizi ana haki zake. 😂😂

Mama Wawili: Nyie mnalia kikombe? Shemeji yangu kafungua mifuko yote ya Natural History Museum, namba zote, kamwaga kwenye beseni moja la kufulia "ili isichukue nafasi". Vipande 4,014. Beseni moja. Nina wiki ya tatu natafuta taya la dinosaria.

Shangazi wa Kinondoni: Yesu na Maria. Huyo shemeji yuko hai?

Mama Wawili: Yuko hai na ameomba asaidie kutafuta. Nimemkatalia.

Kipande Kimoja: Bila picha ya duara uzi haujakamilika.

Fundi Saa: Mleta uzi, miaka yote hiyo kiwanja kipo tupu, si ujenge mwenyewe kwa matofali uliyonayo? Au chora, peleka LEGO Ideas, tovuti yao ya mashabiki kupendekeza majengo, ukipata watu 10,000 wa kukuunga mkono inaingia kwenye mapitio. Mimi kura yangu unayo.

Mleta uzi: Nataka itoke kwenye mfululizo wenyewe, boksi lake, kitabu chake. Na hata ningejenga, angeweka kikombe juu ya paa. Yule kaRUDISHA, Fundi. Karudisha!

Mzee wa Reli: Nimechelewa ila naomba kuuliza, stesheni ya namna gani? Maana ya kizungu yenye saa tumezichoka. Mimi nataka ya TAZARA pale Dar, nguzo zake na lile paa refu. Kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, haijapata hata kiboksi cha kumbukumbu.

Dogo Janja: Mzee, twende na wakati. Ya SGR Dar, lile umbo la tanzanaiti, vioo vitupu. Ingeuzwa ikaisha siku hiyo hiyo.

Mzee wa Reli: Vioo vya mshazari utaviunga na nini kwenye vinundu, wewe? Gundi?

Mpwani: Wabara mna reli tu kichwani. Nyumba ya Mji Mkongwe! Mlango wa kuchonga, baraza mbele, ghorofa mbili, duka la kahawa chini. Inaingia kwenye 32 kwa 32 bila kupunguzwa hata dirisha.

Shangazi wa Kinondoni: Hiyo ya baraza naiunga mkono. Na mzee wa bao akae nje.

Mzee wa Reli: Baraza itameza njia ya waenda kwa miguu, haitaungana na majirani.

Mpwani: Baraza NDIYO njia. Njoo Unguja uone.

Mleta uzi: Mzee wa Reli, hiyo TAZARA nimeipima sasa hivi kwa karatasi. Ule ukumbi hauingii kwenye bamba moja. Inataka mawili, reli zipite nyuma.

Mzee wa Reli: Kiwanja cha pili unacho?

Mleta uzi: Ninalo bamba chini ya kitanda. Itabidi Bookshop isogee.