Wenye migahawa Mbeya, kadi ya mteja mnaipeleka wapi?

Wakuu, nimekaa na hili tangu Jumamosi na bado halijanitoka kifuani. Ngoja nilimwage hapa.

Jumamosi jioni niliwapeleka dada yangu na shemeji kula. Wanaishi Leicester, Uingereza, miaka mingi sasa, wamekuja likizo, siku hiyo walikuwa wametoka Tukuyu kumsalimia mama. Tukaingia mgahawa mmoja mkubwa tu hapa mjini Mbeya, jina silitaji. Chakula sina neno nacho: samaki, ndizi, wali wa Kyela unanukia tangu mlangoni. Bili ikaja 86,000. Mlangoni wamebandika vibandiko kwamba wanapokea kadi, basi nikatoa kadi.

Binti mhudumu akaiweka kwenye kisahani cha bili akaondoka nayo. Kaunta iko nyuma ya ukuta, huoni kinachoendelea. Zikapita dakika tano, zikafika kumi, dada ananiangalia tu. Binti karudi mikono mitupu, ila ana kile kijitabu cha oda na peni ya bluu. "Kaka, naomba niandikie namba ya siri hapa, mashine haifiki huku."

Niandike namba ya siri. Kwenye kijitabu cha oda!

Na ukurasa alionifungulia ulikuwa tayari na namba nne za mtu mwingine, pembeni pameandikwa "meza 6". Mwenye meza 6 bado amekaa pale na mkewe na watoto wanamalizia soda, hana habari.

Nikainuka, nikaifuata kadi mwenyewe. Nikaikuta imelala kifudifudi kwenye kaunta iliyolowa, kando ya opena, zile namba tatu za nyuma ziko wazi kwa kila anayekuja kuchukua kinywaji. Mtu mwenye simu ya kamera anapiga picha mbele na nyuma, kesho ananunua vitu mtandaoni kwa jina lako. Nikaomba mashine nibonyeze. Kioo kinasoma 88,580. Nauliza, keshia ananijibu, "Hiyo ni asilimia tatu ya mashine, bosi, kila mtu analipa." Kwenye menyu haipo, mlangoni haipo, binti hakuisema.

Meneja akatoka, naye akaja na hoja: mbona hata Marekani mhudumu anaondoka na kadi ya mteja?

Ni kweli anaondoka nayo. Lakini mweleze mtu habari yote. Kule kadi ya mkopo mgahawani miaka yote imeenda kwa saini. Mhudumu anaipitisha, benki inashikilia kiasi cha bili, anakuletea karatasi, unaandika bakshishi yako mwenyewe, unasaini, kiasi kamili kinakatwa baadaye. Hapo katikati hakuna anayekuuliza namba ya siri. Na kadi ya mkopo ikichezewa, sheria yao ya tangu miaka ya 1970 inasema mwenye kadi habebeshwi zaidi ya dola 50. Kadi yangu mimi inakata moja kwa moja kwenye akaunti, kwenye ada ya watoto na hela ya mbolea. Ikishatoka, nianze kupanda na kushuka ngazi za benki kuandika barua.

Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akamjibu kwa upande wa kwao. Uingereza tangu Februari 2006 ukilipa kwa kuchomeka kadi yenye chipu unabonyeza namba ya siri, mambo ya saini yakaisha. Ndiyo maana mashine isiyo na waya inaletwa mezani, kadi haitoki mbele ya macho yako, na mhudumu anageukia pembeni ukibonyeza. Hayo makato ya kuongezwa juu ya bili kwa mtu anayelipa na kadi yake binafsi yamepigwa marufuku kule tangu Januari 2018.

Sasa sisi tumechukua kadi kuondoka kama Marekani, tukaiunganisha na namba ya siri ya Uingereza. Hivyo viwili havikai pamoja hata siku moja! Yeyote aliyeshika kadi yako na namba yake ya siri anakwenda ATM kama mwenye mali.

Na msiniambie habari za mtandao. Uyole nimeweka mafuta, kijana wa pampu kaniletea mashine mpaka dirishani, kwenye vumbi na upepo ule, meseji ya benki ikaingia kabla sijawasha gari. Mama anayeniuzia ndizi Mwanjelwa ana lipa namba yake, naingiza namba ya siri kwenye simu yangu mwenyewe na yeye haitaki hata kuiona. Tunalipana kwa simu tangu 2008, kila mtoto anajua namba ya siri haitajwi. Inakuwaje ukiingia mgahawani uiandike?

Yule binti simlaumu, amefundishwa hivyo na ndivyo alivyowakuta wenzake wakifanya. Namlaumu aliyenunua mashine moja ya kukaa kaunta na kijitabu cha kukusanyia siri za wateja.

Kabla ya kutoka nilimfuata yule baba wa meza 6, nikamwambia akabadilishe namba yake usiku uleule. Akaniuliza, "Kwani kuna tatizo?" Nikamweleza, akaanza kupapasa mifuko. Kadi yake bado ilikuwa kaunta.

Jumatatu nimefunga yangu, nimepanga foleni, nimelipia nyingine. Wenye migahawa mlio humu, nataka mnijibu: mashine ya kuletwa mezani inawashinda nini? Na walio Iringa, Makambako na Njombe, huko kwenu kadi inakwenda wapi?