Masikio ya Katuba (kikundi chetu cha kusikiliza muziki, Lubumbashi): Jumapili tunasikiliza nini?

[Alhamisi 18:02] Yaya Nadège: Wapendwa, jioni njema. Hii ni mara ya tatu naandika. Kila mutu aseme juma hili anasikiliza nini. Wimbo MMOJA, na nani aliutunga. Jumapili saa tisa tuko kwa Mama Bea. Orodha naifunga kesho jioni.

[18:03] Yaya Nadège: Tena: bafle ya kutolea sauti, na mafuta ya jenereta. Umeme wa kwetu munaujua.

[18:40] Yaya Nadège: Watu 19 wamesoma. Jibu hakuna.

[18:46] Yaya Nadège: Bon, naanza miye. Niko na Haydn, simfoni ya 45, ya mwaka 1772. Mukubwa wake, Esterházy, aliwakalisha wanamuziki huko kwenye jumba lake la mashamba mpaka wakachoka, familia zao zimebaki Eisenstadt. Haydn hakumuandikia barua. Alimuandikia muziki. Kufika mwisho, kila mutu anamaliza sehemu yake, anazima mushumaa, anatoka. Mumoja, mwingine, mwingine. Wanabaki fidla mbili tu. Mukubwa akaelewa, kesho yake wote wakaenda kwao. Tangu Jumatatu napiga zile dakika za mwisho jikoni. Chombo kikitoka, nasikia mahali pake panabaki wazi. Nimelia juu ya sombe, siwafiche.

[18:55] Pitshou: Yaya, kikundi hiki njo ile simfoni. Tumebaki wawili 😂

[18:55] Pitshou: Mi nimezima mushumaa. Usiku mwema

[18:56] Yaya Nadège: Pitshou, bafle. Unaleta ao hauleti?

[18:58] Pitshou: Ya kwangu iko na sauti ya mbuzi tangu Likasi

[18:58] Mama Bea: Likasi tena 🙈

[18:59] Serge: Likasi apana. Tulisema hatutaisema.

[19:10] Serge: Mi niko na Bach ndani ya gari, suiti ya kwanza ya selo, ile fidla kubwa. Chombo kimoja, nyuma yake hakuna kitu, na hausikii kama kuna kitu kinakosekana. Leo kutoka Ruashi mama mumoja akaniuliza: baba, nani amekufa? Nikamuambia mama, hakuna mutu amekufa, ni Bach. Akanyamaza. Kufika mujini akakatala kushuka mpaka iishe. Batu ba nyuma banapiga kelele, yeye ameinua mukono tu: ngojeni.

[19:11] Pitshou: Alilipa?

[19:12] Serge: Alilipa. Akaniuliza jina la huyo Bach, nikamuandikia ku karatasi.

[19:15] Yaya Nadège: Aksanti Serge, hiyo imenigusa. Tuko wawili. Nani tena? Na mafuta?

[19:31] Mama Bea: Nadège mwanangu, kwa jirani kuna kilio. Viti vyote nimewaazimisha. Sijui watarudisha siku gani.

[19:32] Yaya Nadège: Mama Bea! Sasa tutakaa wapi?

[19:33] Pitshou: Tutasimama, kama ku Haleluya ya Handel

[19:34] Yaya Nadège: Pitshou tafazali. Nauliza VITI, BAFLE, MAFUTA.

[20:20] Fiston: Jioni njema wote. Mi niko na simfoni ya 9 ya Beethoven, ya bale ba Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Banasema mwaka 1994 kuanza kwao fidla zilikuwa chache, mumoja anajifunza, anamupatia mwenzake. Kwaya ikiingia mule mwisho, nywele zinasimama.

[20:22] Serge: Fiston amefufuka. Santuri ya Tata Kasongo iko wapi?

[20:22] Fiston: Santuri gani?

[20:23] Serge: Unaijua. Missa Luba. Miaka mine.

[20:25] Fiston: Ile nilimupatia Pitshou.

[20:25] Pitshou: WEH! Mi nilibeba ganda tu. Ndani hamukukuwa kitu. Mama Bea aliona

[20:27] Mama Bea: Niliona ganda, kweli. Ndani sikuchungulia.

[20:28] Yaya Nadège: Jamani si hapa. Tumalize mafuta.

[20:29] Serge: Kila mwaka ni «si hapa». Muzee wa watu aliazima kwa roho nzuri.

[20:33] Fiston: Lakini ile misa iko ku intaneti, bure kabisa. Jumapili tunaipiga ku simu, inaisha. Kuna haja gani kugombana juu ya kitu cha zamani?

[20:34] Yaya Nadège: Fiston.

[Ijumaa 05:47] Tata Kasongo: Watoto wangu, jambo. Mjukuu amenisomea yote, na yeye ndiye anayeandika ninayosema. Mwaka 1958 nilikuwa mtoto pale Kamina. Sikuwa ndani ya kwaya, nilikuwa mdogo, tulisikiliza dirishani. Padri Guido Haazen, aliyeongoza kwaya, hakuwapa waimbaji karatasi yenye noti. Waliimba, na sauti zilipatana palepale mdomoni. Leo hivi, kesho tofauti kidogo. Maandishi yalikuja nyuma. Kyrie yake imeshika kasala yetu ya Baluba, kilio chetu. Sanctus yake ni wimbo wa watu wanaoagana.

Aliyesema simu inatosha hakukosea, simu itatoa sauti. Lakini sikio langu la kushoto limefunga tangu Pasaka, na la kulia linalifuata. Ndani ya simu nasikia mchanga tu. Santuri yangu naijua kila mkwaruzo. Nikisikia mkwaruzo najua tumefika wapi, na yale ambayo sikio halishiki nayajaza mwenyewe. Nilitaka kuisikia mara moja tena nikiwa katikati yenu. Aliye nayo ailete. Sitauliza ilikuwa kwa nani.

[07:15] Mama Bea: Tata, tumesikia 🙏

[07:16] Serge: 🙏

[07:40] Yaya Nadège: Tata, utusamehe.

[11:22] Fiston: Tata, ni miye. Iko Likasi kwa mama yangu, chini ya kitanda, nimeifunga ndani ya kitenge. Niliogopa kuirudisha sababu ilipata mukwaruzo mupya. Nilimusingizia Pitshou. Pitshou unisamehe.

[11:58] Tata Kasongo: Mkwaruzo mahali gani?

[12:01] Fiston: Ku Agnus Dei, karibu na mwisho.

[12:09] Tata Kasongo: Ilete hivyohivyo.

[12:30] Pitshou: Fiston, mi nilikuwa naitwa mwizi mpaka ku harusi ya dada yangu. Tutaongea. Lakini santuri ikuje kwanza.

[12:41] Serge: Kesho asubuhi napeleka batu Likasi, naweza kuichukua. Fiston ambia mama yako.

[12:44] Fiston: Mama hatamupatia mutu asiyemujua, na kesho niko kazi.

[12:45] Pitshou: Mi ananijua. Naenda na Serge

[12:45] Mama Bea: Pitshou Likasi APANA 😂😂

[12:46] Serge: 😂😂 Anafunguliwa mulango tena na nani

[12:50] Yaya Nadège: Ngojeni. Santuri ikifika tutaipigia ku nini? Nani ako na mashine?

[13:37] Mama Bea: Ya marehemu baba yao iko. Sindano yake imechoka, ina miaka haijagusa kitu.

[13:38] Yaya Nadège: Sindano iliyochoka ku santuri ya Tata? Hapana, haigusi. Nani anajua mahali pa kupata sindano hapa Lubumbashi?

[14:10] Yaya Nadège: Naona munasoma.

[16:25] Yaya Nadège: Mafuta natoa miye, nusu. Nusu nyingine nani? Viti? Fiston, umemuambia mama?

[19:03] Fiston: Simu yake haipite. Najaribu tena.

[22:51] Joëlle: Samahani nimechelewa kuona. Mi ni Lacrimosa ya Mozart, ya ndani ya misa yake ya wafu. Baa 8 za kwanza za noti njo za mukono wake, zinazofuata ni za mwingine. Kila usiku nasimamisha pale, narudi mwanzo. Ni Jumapili ipi?