Nyumba ya likizo: nikate leseni ya watalii mwenyewe, nimpe wakala, au nitafute mpangaji wa kudumu?

Ufunguo_Mmoja:
Habari za leo wadau. Nina nyumba ya vyumba vitatu. Familia tunaitumia wakati wa likizo, miezi mingine imefungwa na gharama zinaendelea kama kawaida. Nataka ianze kujilipia. Kuna anayeniambia nikate leseni nipokee watalii mwenyewe. Mwingine anasema nimkabidhi wakala ahangaike na makaratasi. Wa tatu ananishauri nihamie humo mimi mwenyewe nipangishe vyumba viwili tu, eti hapo masharti ni mepesi. Shangazi yangu yeye haoni haja ya yote hayo, anataka niweke mpangaji wa kudumu. Hesabu ya mapato naimudu. Ninachoomba ni ulinganisho wa upande wa leseni: kila njia inadai nini, nani ana uwezo wa kunikatalia, na watu hukwama wapi. Karibuni.

Mzee_wa_Hati:
Mkuu, umeuliza swali zuri ila naomba ulianzie nyuma kidogo. Watu wengi hukimbilia fomu ya leseni, wakati wenye uwezo wa kukukatalia ni zaidi ya ofisi inayotoa hiyo leseni.

Wa kwanza ni hati yako yenyewe. Angalia matumizi yaliyoandikwa: makazi, biashara, au mchanganyiko. Sehemu nyingi kupokea wageni wa siku chache huhesabiwa kuwa biashara, na kubadili matumizi ni ombi linalojitegemea, lina ofisi yake na muda wake. Wa pili ni benki, kama nyumba ina mkopo. Mikataba mingi ya mkopo wa nyumba hukataza kupangisha bila ridhaa yao ya maandishi. Wa tatu ni bima. Bima ya kawaida ya makazi inaweza kukataa kulipa ikigundulika aliyekuwa ndani ni mgeni wa kulipia. Wa nne, kama ni fleti, ni umoja wa wamiliki wa jengo. Huko Hispania, tangu tarehe 3 Aprili 2025, anayetaka kuanza kupangisha fleti kwa watalii lazima kwanza apate idhini ya wamiliki wenzake kwa theluthi tatu za tano. Yaani jirani wa ghorofa ya juu ana kura juu ya biashara yako.

Ukishapata majibu ya hao wanne, ndipo ulinganishe leseni. Mmoja wao akikukatalia, njia mbili kati ya nne ulizotaja zinakufa palepale na utakuwa umeokoa ada ya maombi.

Mwenyeji_Makini:
Naunga mkono, isipokuwa nirekebishe tarakimu, Mzee: ni tatu ya tano, yaani asilimia 60.

Sasa nije kwenye ulinganisho. Mstari mkubwa unaotenganisha masharti ni huu: mwenye nyumba analala humo au halali humo? Miji iliyobana sana kwa kawaida imembana yule asiyekaa. New York ndiyo mfano mkali zaidi. Tangu Septemba 2023 wanatekeleza sheria ya usajili, na kwa mgeni wa chini ya siku 30 mwenyeji lazima awepo nyumbani muda wote wa ugeni, wageni wa kulipia wasizidi wawili, na wawe huru kufika kila sehemu ya nyumba. Hata kumfungia mlango wa ndani kwa ufunguo hairuhusiwi. Kwa hiyo kule "nyumba nzima kwa wikiendi" haipo.

Halafu kuna miji inayoruhusu nyumba nzima ila inahesabu siku. London ni siku 90 kwa mwaka bila kibali cha ziada cha matumizi. Amsterdam walishusha kutoka 60 hadi 30 mwaka 2019, na wageni wasizidi wanne. Paris ilikuwa 120, ikashuka hadi 90 kuanzia Januari 2025. Ila zingatia, hiyo ya Paris na Amsterdam ni nyumba unayoishi kama makazi yako makuu. Ya likizo, kama yako, inaingia kundi lingine, na huko Paris unatakiwa kubadili rasmi matumizi, jambo gumu kweli.

Ndiyo maana ushauri wa kuhamia na kupangisha vyumba viwili hauna ubaya kisheria. Lakini usihamie kwa karatasi tu. Anwani ya kodi, bili na usajili wa mkazi huwa vinalinganishwa, na ukikutwa huishi humo kosa linakuwa kubwa kuliko la kukosa leseni.

Mzee_wa_Hati:
Ahsante kwa sahihisho, ni tatu ya tano.

Fundi_wa_Nyaya:
Mimi ni fundi umeme, huitwa kwenye nyumba za namna hii kabla ya mkaguzi kufika, kwa hiyo nitasema ya vitendo.

Ukiwa na wageni wa usiku, nyumba inakaguliwa kwa kuzingatia kwamba aliyelala humo haijui. Wewe unajua swichi kuu iko wapi na mlango wa nyuma unafungukaje gizani, mgeni hajui. Ndiyo sababu wanadai vitambua moshi, na sehemu nyingi hawataki vya kujitegemea: wanataka kimoja kikilia jikoni kilie na chumbani. Palipo na jiko au hita inayochoma gesi, kuni au mkaa, unadaiwa pia kitambua gesi ya sumu ya kaboni monoksidi. Italia wamekwenda mbali wakaandika hadi idadi: kizima moto kimoja kwa kila mita za mraba 200 za sakafu, na kila ghorofa isikose angalau kimoja.

Kinachowashangaza wengi ni maji. Scotland wanakutaka ufanye tathmini ya legionella, bakteria wa majini wanaoleta ugonjwa wa mapafu. Nyumba iliyofungwa wiki kadhaa maji yanalala kwenye mabomba yakiwa vuguvugu, na hapo ndipo wadudu hao huzaliana, kisha mtu anawavuta mapafuni na mvuke wa bomba la mvua. Dawa yake si ghali: maji ya moto kwenye tangi yatunzwe kwenye nyuzi 60, na kabla ya wageni kuingia fungua kila bomba yatiririke dakika kadhaa, ukianza na bafu lisilotumika sana. Andika tarehe kwenye daftari. Mkaguzi hupenda sana hilo daftari.

Jambo la mwisho: mchoro wa nyumba. Chora kwa vipimo halisi, onyesha vitanda na njia ya kutokea. Idadi ya juu ya wageni kwenye leseni inatoka hapo. Sofa ya kukunjuka sebuleni usiihesabu kitanda mpaka ukubaliwe.

Dada_Uwakala:
Nafanya kazi ya kusimamia nyumba za watu, ila sitakupamba. Wakala hakupunguzii masharti ya leseni hata moja. Anachokupunguzia ni miguu.

Swali la kumuuliza wakala yeyote ni hili: leseni itatoka kwa jina la nani? Ikiwa kwa jina lako, basi faini ni yako hata kama yeye ndiye aliyezidisha siku au wageni. Ikiwa kwa jina lake, siku mkiachana anaondoka nayo na wewe unaanza upya, pengine wakati huo mji umeshasimamisha leseni mpya. Nimeshuhudia mmiliki akibaki na nyumba iliyopakwa rangi, mashuka mapya, na hana ruhusa ya kumpokea mtu. Inauma.

Kuna mahali wakala si hiari. Japani, chini ya sheria iliyoanza Juni 2018, mwenye nyumba asiyekuwepo wakati wageni wapo analazimika kumkabidhi usimamizi kampuni iliyosajiliwa. Unapeleka taarifa tu, huombi leseni, lakini bei yake ni kikomo cha siku 180 kwa mwaka, kibao mlangoni kinachoonekana, kumbukumbu za wageni zinazotunzwa miaka 3, na ripoti kila baada ya miezi miwili. Asiyetaka kikomo cha siku anaomba kibali chini ya sheria ya hoteli, nacho kina masharti mazito ya jengo na eneo. Nimeutaja mfano huu kwa sababu unaonyesha wazi: njia nyepesi kuingia huwa na dari, njia isiyo na dari ni ngumu kuingia. Ukilinganisha zako nne, uliza kila moja dari yake iko wapi.

Mwenyeji_Makini:
Hapo kwa jina la leseni umesema jambo zito, dada. Ningeongeza na akaunti ya matangazo. Iwe ya mwenye nyumba, wakala apewe ruhusa ya kuiendesha tu. Maoni ya wageni yanakaa kwenye akaunti.

Mpangaji_Mstaarabu:
Jamani, shangazi hajapata mtetezi. Mpangaji wa mwaka haihitaji leseni ya utalii, na sheria zake hazibadiliki ovyo. Barcelona Juni 2024 walitangaza kwamba leseni zote za fleti za watalii, 10,101, hazitahuishwa zikifikia mwisho Novemba 2028. Hao watu walikuwa na leseni halali kabisa. Ukikopa kwa kutegemea leseni, jua kwamba unategemea kitu ambacho serikali inaweza kuacha kukitoa.

Kasoro ya mpangaji wa kudumu kwako ni moja, lakini ni kubwa: likizo ya familia imekwisha. Sheria za upangaji humlinda, huwezi kumwambia atoke Desemba kwa sababu wajomba wanakuja.

Kuna njia ya tano hujaitaja: wageni wa mwezi mmoja hadi miezi michache. Watumishi waliohamishwa, watafiti, watu wanaosubiri nyumba yao imalizike. New York sheria ile inahusu chini ya siku 30, kwa hiyo anayekaa zaidi yuko nje yake. Singapore mstari uko miezi 3 mfululizo. Tafuta mstari wa kwenu uko siku ngapi kisha uvuke. Utapata kipato kidogo kuliko watalii wa msimu, ila mashuka hayafuliwi kila siku mbili na miezi yenu ya likizo mnaipanga wenyewe.

Ufunguo_Mmoja:
Nawashukuru sana, hiyo ya tano sikuwa nayo kabisa. Benki hainidai, na ni nyumba ya kujitegemea, si fleti, kwa hiyo nabaki na hati na bima. Swali: nikiomba leseni leo na majibu yakachelewa, naruhusiwa kutangaza na kupokea nafasi za msimu ujao huku nasubiri?

Mwenyeji_Makini:
Usifanye hivyo mpaka ofisi ikwambie kwa maandishi. Kuna mahali waliokuwepo kabla ya sheria walipewa muda wa kuendelea wakisubiri. Scotland walifanya hivyo kwa waliowasilisha maombi kufikia tarehe 1 Oktoba 2023, lakini mwenyeji mpya kwenye biashara hapokei mtu mpaka leseni itoke. Na siku hizi namba ya usajili ndiyo inayobeba tangazo. Umoja wa Ulaya wana kanuni inayotumika kuanzia 20 Mei 2026: penye usajili, majukwaa ya mtandaoni lazima yaonyeshe namba na yapeleke taarifa za nyumba na idadi ya usiku kwa mamlaka. Siku ulizozidisha zitaonekana bila mkaguzi kugonga mlango.

Na ukishapokea malipo ya mtu kisha leseni ikakataliwa, unarudisha fedha na unamwachia mgeni safari iliyovunjika. Hilo si haki kwake.

Mzee_wa_Hati:
Andika barua moja kwa manispaa, ya maswali matatu tu: matumizi yaliyoidhinishwa kwenye kiwanja changu ni yapi, ugeni wa siku ngapi hauhesabiki kuwa wa kitalii, na je, leseni za aina hii bado zinatolewa katika eneo langu au zimesimamishwa. Ambatanisha nakala ya hati na mchoro, dai mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Barua hiyohiyo pamoja na jibu ipeleke kwa watu wa bima, wakupe bei ya watalii na bei ya wapangaji wa miezi, zote kwa maandishi.

Dada_Uwakala:
Na kabla hujaipeleka, wapitie majirani wa pande zote uwape namba yako ya simu. Kuna mamlaka zinazobandika tangazo la maombi yako nje ya nyumba ili mwenye pingamizi alilete. Ni heri wakusikie kwako kwanza kuliko kusoma ukutani.