Kijiti hakuna zahanati, eti sababu ni Marekani. Hii imekaaje wakuu?

Baba Wawili:
Habari zenu wakuu. Naombeni mnieleweshe maana huku mtaani kila niliyemuuliza ana jibu lake. Mama watoto alikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango cha miaka mitano, tarehe ya kutoa nesi alimwandikia kwenye kadi kwa penseli, ikafika, juzi kaenda zahanati atolewe awekewe kingine. Kutoa wametoa vizuri tu. Kuweka ndo wakasema havipo, rafu yenyewe kaiona kwa macho yake, maboksi mawili ya vidonge na kondomu basi, sindano nazo zikija watampigia simu. Nikampeleka hospitali ya binafsi wakataja bei nikasema asanteni tutarudi, na hatujarudi hadi leo 😂

Sasa nesi kamwambia "Mmarekani kafunga bomba". Hapo ndo nimekwama. Mtu anasaini karatasi Washington inakuwaje rafu ya zahanati ya kata ya mwisho kabisa ibaki tupu? Na hii mikutano ya dunia ya afya ya uzazi watu wanapanda ndege wanapiga picha, hilo hawakuwahi kulipanga?

nesi_wa_zamu:
Pole mkuu, na shemeji mpe pole. Mi nipo kliniki ya mama na mtoto mwaka wa 11 huu, huyo nesi hajakudanganya ila kafupisha sana.

Hivi vitu havitengenezwi hapa, vinanunuliwa nje vinaingia MSD, bohari ya dawa ya serikali, ndo vinashuka kwetu. Wanunuzi wakubwa ni UNFPA (shirika la UN la idadi ya watu), serikali zenyewe, na alikuwepo USAID, shirika la misaada la Marekani. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje siku 90, ilipofika Julai mosi USAID yenyewe ikafungwa. Sasa kuna mzigo wa dola milioni 9.7 ulikuwa umeshalipiwa ukiwa ghalani Geel, Ubelgiji. Vijiti, sindano, vidonge, vitanzi. Wakasema unachomwa! IPPF, shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, wakawaambia tupeni sisi tutagawa kwa gharama zetu, wakakataliwa. Kwa hesabu za IPPF mgao wa Tanzania peke yake mle ndani ulikuwa vijiti zaidi ya 365,000 na sindano zaidi ya milioni moja, kama asilimia 28 ya mahitaji yetu ya mwaka. Mimi hiyo habari nimeisoma kwenye simu nikiwa zamu, mbele yangu kuna binti kakaa kwenye benchi anasubiri sindano ambayo sina. Niliishia kumwambia apitie Jumatatu.

Mkweli Daima:
Mi naona afadhali. Hawa wazungu lengo lao tupungue, hakuna cha haki wala nini. Babu yangu alizaa 14 hakuna aliyekufa njaa. Na hizo pesa nyingine zilikuwa za kutolea mimba, ndo maana jamaa kazifunga.

Bibi Titi wa Pili:
@Mkweli Daima kaka yangu babu alizaa 14 au bibi ndo alizaa? 😅 Tuanzie hapo.

Ila sikubezi, hofu yako ina mizizi. India mwaka 1976 watu walifungwa uzazi kwa kulazimishwa ili maafisa wafikishe idadi, Peru miaka ya 90 wakawafanyia hivyo hivyo wanawake maskini wa milimani. Ndo maana kwenye mkutano wa dunia wa idadi ya watu, Cairo 1994, nchi 179 zilikaa zikabadilisha lugha nzima, kwamba habari ya kuwekeana malengo ya idadi ya watu iachwe, mwanamke aulizwe anataka nini na lini. Na usiseme ni wazungu, mkutano ule katibu mkuu wake alikuwa Nafis Sadik, daktari wa Pakistani, na kamati kuu iliyokuwa inabishania maneno hadi usiku iliongozwa na Fred Sai wa Ghana. Itifaki ya Maputo ya 2003, ya haki za wanawake wa Afrika, nayo tumeiandika Waafrika wenyewe, soma kifungu cha 14.

Kuhusu mimba, pesa ya Marekani kulipia utoaji mimba nje kama njia ya uzazi wa mpango ilishakatazwa tangu 1973. Hii nyingine inaitwa sera ya Mexico City, Reagan aliileta 1984, inaibana asasi ya nje isihusike na utoaji mimba hata kwa pesa ambayo haikutoka Marekani. Clinton akaitoa 1993, Bush akairudisha 2001, Obama kaitoa 2009, Trump kairudisha 2017, Biden kaitoa 2021, Trump tena 2025. Ni swichi ya taa hiyo, na sisi ndo tunaokaa chumbani.

Kibarua wa Mombasa:
Sasa majirani, niingilie kidogo maana nimefanya kazi ya stoo za dawa miaka mingi.

@Baba Wawili umeuliza kama hiyo mikutano hupanga kitu. Mingi ni chai na mandazi, siwezi kukudanganya. Lakini hicho kijiti cha mke wako, kama ni cha miaka mitano chenye vile vijiti viwili basi nadhani ni Jadelle, nacho kina hadithi yake. Mashirika yalikuwa yanakinunua dola 18 kimoja. Kiwanda hakitaki kushusha bei kwa sababu hakijui kama mali itanunuliwa ama itakaa. Baada ya mkutano wa uzazi wa mpango wa London wa 2012, taasisi ya Gates, Norway, Sweden na wengine wakaiendea Bayer, wenye kukitengeneza, wakaiambia, tunakuhakikishia vijiti milioni 27 kwa miaka sita, visiponunuliwa hasara ni yetu. Bei ikaanguka hadi dola 8.50. Implanon, kijiti cha kampuni nyingine, nayo ikafuata. Baadaye kikaja cha kutoka Shanghai, Levoplant, WHO wakakipitisha 2017, ushindani ukaongezeka. Kwangu mimi huo ndio ushirikiano, wengine wote ni hotuba.

Shida ni moja tu, waliotia sahihi ile dhamana wote ni wa ng'ambo. Sisi tulikuwa tunapokea kwa mlango wa nyuma na kushukuru. Bajeti ya nchi zetu mstari wa uzazi wa mpango ndio wa kwanza kukatwa pesa zikikosekana, na hata ukiwekwa usishangae zisitolewe. Kenya hivyo hivyo, sio nyinyi peke yenu. Nchi zetu hizi zikitia pesa zao kwenye kapu moja zikanunue kama mteja mmoja, huyo wa Washington anaweza kusaini anachotaka.

nesi_wa_zamu:
@Kibarua umeongea. Niongezee kitu ambacho mabosi hawakionagi, kijiti kinaweza kuja na bado nisikuwekee, maana sina ganzi, sina glovu, sina kiwembe cha upasuaji. Hivyo havitoki Geel, hivyo ni hela za zahanati. Baba Wawili kamati ya zahanati yenu inakaa kila robo mwaka, nenda ukaulize kwenye mpango wao wametenga shilingi ngapi. Wakikuangalia vibaya uliza tena.

Na shemeji asikae hivyo hivyo, vidonge si umesema vipo, aanze navyo, anywe saa ileile kila siku. Ila waambie wampime presha kwanza.

Baba Wawili:
Aisee nimesoma yote nikawasomea na nyumbani. Mama watoto kasema vidonge atasahau anajijua, ila ataanza leo hivyo hivyo, kaweka alamu kwenye simu yangu mimi saa mbili usiku. Dada yake yupo wilaya ya jirani kapiga sasa hivi kule vimebaki vinne, nauli kwenda na kurudi elfu kumi na sita, kesho alfajiri tunapanda basi. Ya kamati nikirudi nitawaambia.

Mkweli Daima:
Safari njema mkuu. Na nesi, hiyo kamati hata sisi wanaume tunaingia?

nesi_wa_zamu:
Wanaume ndo mmejaa humo kaka 😂