Wapi mtandaoni pa kupata mikao ya kuchorea na mawazo ya kubuni wahusika?

penseli_HB
Wadau, habari za muda huu. Nachora wahusika wa katuni. Nyuso zinatoka vizuri, ila miili inasimama kama imepigiliwa misumari, na mhusika wa tatu anafanana na wa kwanza, tofauti ni nguo tu. Pinterest nimejaza picha hadi basi. Naomba tovuti za uhakika, za bure ikiwezekana, na namna ya kuzitumia. Natumia penseli na Krita (programu ya kuchorea kwenye kompyuta).

wino_mzito
Mkuu, hapo una matatizo mawili. Nianze na mwili.

Ingia Line of Action au Quickposes. Unapanga muda, picha za watu zinabadilika zenyewe. Kwa sekunde 30 usiguse kabisa mistari ya nje ya mwili. Weka kichwa, mstari mmoja mrefu kutoka shingoni hadi mguu uliobeba uzito, kisha mshazari wa mabega na mshazari wa nyonga. Basi. Mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka. Ukichora mishazari hiyo miwili sambamba, mkao umekufa hata misuli ukiipatia.

Kipimo cha haraka: teremsha mstari wima kutoka kwenye kishimo cha shingo. Kwa aliyesimama hivyo, uangukie karibu na kifundo cha mguu wenye uzito. Ukipita nje ya nyayo, mtu wako anaanguka.

Kwa dakika 2 ongeza sanduku la kifua na sanduku la nyonga, kila moja na mwelekeo wake. Dakika 5, mikono na miguu. Vivuli vingojee mikao ya dakika 20. Nusu saa kwa siku inatosha: mikao 20 ya sekunde 30, mitano ya dakika 2, miwili ya dakika 5.

Wengi humaliza kichwa chote kwanza, wakifika magotini karatasi imeisha, miguu inafupishwa. Weka alama ya utosi na ya nyayo kabla ya chochote. Mtu mzima ana urefu wa vichwa kama 7 na nusu, na katikati yake ni kwenye kinena, si kiunoni.

Ukitaka maelezo ya video, chaneli ya Proko iko YouTube, masomo mengi ni bure.

mshono_wa_bega
Nakazia upande wa mavazi. Pinterest ukibofya picha moja inakuletea nyingine zinazofanana nayo, ndiyo maana wahusika wako wote ni ndugu. Na siku hizi kumejaa picha za akili mnemba: mkanda hauna pa kupita, vifungo havina matundu. Ukiziiga unachora nguo isiyovalika.

Nenda kwenye makumbusho. Metropolitan Museum of Art ya New York iliachia picha za kazi zake zisizo na hakimiliki mwaka 2017, Smithsonian ikafuata 2020, na Rijksmuseum ya Amsterdam ina picha kubwa za kupakua. Vuta nguo karibu, uangalie mshono wa bega umekaa wapi na nguo inafungwa kwa nini. Mikunjo huanzia mahali kitambaa kilipobanwa au kuning'inizwa: begani, kwenye kiwiko kilichokunjwa, kwenye mkanda. Mkunjo usio na chanzo ni pambo tu.

Picha za mhusika mmoja ziweke pamoja kwenye PureRef (programu ya kupanga picha za rejea ubaoni pamoja), zisizidi 12.

robo_tatu
Naongeza tahadhari mbili. Vinyago vya 3D (sanamu za watu za kwenye kompyuta, unazizungusha utakavyo) vinafaa kwa pembe ngumu, mfano mtu anayeonekana kutoka juu, lakini havina uzito. Paja la aliyekaa hutanuka likigusa kiti, la kinyago halibadiliki. Sahihisha mwenyewe. Pili, picha ya simu iliyopigwa karibu hukuza kilicho mbele: kichwa kikubwa, miguu midogo. Ukijipiga picha ya mkao, weka simu mita 3 nyuma, kimo cha kiuno, kisha kata picha.

penseli_HB
Shukrani wakuu. Na hilo la wahusika kufanana? Je, picha hizo naweza kuzitumia kwenye kazi ya kuuza?

wino_mzito
Picha zenye alama ya CC0 (mwenyewe ameachia haki zake zote) unatumia utakavyo, hata kuuza. Nyingine soma masharti ya kila picha. Kuwa za bure kwa mazoezi si ruhusa ya kunakili mkao mstari kwa mstari.

Kufanana kunatoka kwenye umbo, nguo hazitakuokoa. Chora vivuli 20 vyeusi tititi vya mwili mzima, yaani umbo la nje tu, kila kimoja kimo cha sentimita 4, bila macho wala vifungo. Mmoja ajengwe kwa miraba, mwingine pembetatu, mwingine duara, na urefu wao upishane: huyu vichwa 5, yule 8. Wapange kwenye mstari mmoja, uwapunguze hadi kimo cha ukucha. Wawili wasiotofautishika, mmoja anabadilishwa kiwiliwili, si nywele. Aliyebaki mchore mbele, robo tatu (kati ya mbele na ubavu), ubavu na mgongo, ukivusha mistari ya mlalo kwenye macho, kidevu, kiwiko na goti. Kwenye Krita bonyeza M kugeuza mwonekano kushoto-kulia, jicho lililopanda utaliona hapohapo.